Buibui Mweusi, Buibui Jeusi

Kioko alipohamia kwangu alikuja na godoro, jiko la gesi, masanduku mawili ya vichupa, na hadubini aliyoizungushia blanketi akaikumbatia kama mtoto mchanga. Nilimpa chumba cha tatu mkono wa kulia, kinachopakana na cha Nyamvula, mpangaji wangu muuza viazi. Nyumba yangu hapa Frere Town ni nyumba ya Kiswahili ya zamani, ukumbi katikati na vyumba pande mbili, na kuta za vyumba hazifiki kwenye mabati. Zinaishia kimo cha mtu aliyeinua mkono, ili upepo upite juu. Upepo hupita, na maneno nayo hupita. Mpangaji wa chumba cha mbele akipiga chafya, wa nyuma husema yarhamukallah.

Alikuwa Mkamba wa Makueni, kijana mwembamba, mpole, mwenye vidole virefu kama vya mpiga kinanda. Aliniita susu. Siku ya kwanza nilicheka mpaka nikashika ukuta.

"Mwanangu, huku kwetu susu ni zile kamba za kutungikia chungu darini, paka asiifikie mboga. Mimi nimekuwa wa kutungikwa?"

"Kwetu susu ni nyanya," akasema. "Na mimi ni Mkamba, na kamba kwenu ni ya kufungia mbuzi. Basi sisi sote ni kamba tupu, susu."

Tukaelewana tangu siku hiyo.

Kazi yake ilikuwa kuainisha buibui. Siyo wale wakubwa wa kwenye minazi. Wake walikuwa wadogo kama punje ya mchele, wale wafumao utando wa duara. Chuo chake kilimtuma apite vichaka na kuta za huku Kisauni mpaka mikoko ya Mtongwe, awakusanye, halafu aseme huyu ni wa ukoo gani na yule ni jamaa wa nani. Nyuma ya mlango wake alitundika fremu za mbao, na ndani ya kila fremu aliishi buibui mmoja katika utando wake.

Siku moja aliniita nitazame. Buibui yule hupanga mizoga ya aliowala katikati ya utando, mstari mmoja kutoka juu hadi chini, kisha yeye mwenyewe hukaa katikati ya mstari ameikunja miguu. Ukitazama unaona taka tu. Kioko akamrushia nzi mdogo. Sikuona buibui akitembea, niliona taka moja ikiruka. Alimzungusha nzi kwa miguu ya nyuma, haraka, kama Nyamvula anavyofunga viazi kwenye gazeti, akamuuma kichwani, akangoja. Mguu mmoja wa nzi ulibaki nje ya sanda ukipigapiga. Ulipotulia, akaanza kumnyonya. Akamnyonya mpaka akabaki ganda, na ganda lile akalishonea kwenye mstari wake pamoja na wenzake.

"Hii buibui nyeusi, ya fedha mgongoni, ndiyo inanisumbua," Kioko akasema.

"Huyu," nikamwambia. "Buibui mweusi, mwenye fedha. Mdudu ana roho, mwanangu. Ukisema buibui jeusi, hilo ni vazi langu la kutokea. Na ukisema nyeusi, hukusema mdudu wala hukusema nguo, umetuachia wenye masikio tuchague."

Mwalimu wetu wa darasa la tano alikuwa akitupiga rula kwenye vifundo vya vidole kwa kosa kama lile, ndiyo maana halinipiti. Kwa Kioko lilikuwa jambo la ajabu, maana akishasema jike au dume hakukosea, husema alimshika, alimfungia, alimuua. Neno buibui peke yake ndilo lililomshinda.

"Susu, nyinyi mna ngeli nyingi kuliko miguu ya buibui."

"Na wewe si kazi yako kupanga wadudu? Kila mmoja na ukoo wake? Basi na maneno ni hivyo hivyo."

Alicheka. Kesho yake akasema nyeusi tena. Ikawa mchezo wetu wa kila siku, na Nyamvula alikuwa akisikia upande wa pili akicheka peke yake.

Alinieleza taabu yake. Rangi hudanganya, alisema, wawili wanaweza kufanana kama mapacha na wasiwe hata wa ukoo mmoja. Cha kutazama ni huku chini ya tumbo. Jike ana kijiulimi kidogo kisichoonekana kwa jicho tupu, na katika kila aina kina umbo lake. Ukikijua kijiulimi umemjua mwenyewe. Lakini aina hii, dume akishampanda jike, hukikata kijiulimi kile, ili asije dume mwingine akapata pa kushika. Majike wote aliowapata Kioko walikuwa wamekwisha kukatwa, na jike aliyekatwa hawezi kupewa jina. Alimhitaji mmoja ambaye hajaguswa.

"Hata wadudu?" nikasema.

"Hata wadudu, susu."

Wiki ile ile Malak akapotea.

Malak ni binti wa Salha, mwenye duka la vitambaa pale kwenye kona, shoga yangu wa tangu tukiwa wari. Alitoka nyumbani Alhamisi baada ya adhuhuri, amevaa buibui jeusi lililotariziwa kwa nyuzi za fedha mgongoni, simu ikazimwa, na hakurudi. Nao ulikuwa mwezi mbaya. Vijana wenye mapanga walikuwa wakipita mitaani wakikata watu mchana kweupe. Muuza maji alikatwa bega mpaka mfupa ukaonekana. Mama mmoja alikatwa sikio kwa ajili ya simu, na sikio likabaki njiani mpaka kunguru wakaja. Kila nyumba ilikuwa na rungu nyuma ya mlango. Watu walikuwa wamechoka kuogopa, na mtu aliyechoka kuogopa hutafuta wa kumpiga.

Aliyechoka kuliko wote alikuwa Awadh, kaka yake Malak. Ni kijana mwenye mabega yaliyojaa mlango. Mimi ndiye niliyemwogesha siku aliyozaliwa, nikamfunga kitovu kwa uzi. Tangu Alhamisi alikuwa hali wala halali, panga amelifunga kwenye gazeti, macho mekundu. Alikuwa keshampasua mdomo dereva wa tuktuk, meno mawili yakamtoka, kwa sababu tu Malak aliwahi kupanda tuktuk yake.

"Nikimpata, bibi," aliniambia, "wallahi hatazikwa mzima."

Jumamosi asubuhi Nyamvula alikuwa chumbani kwake akimenya viazi. Nyamvula ni Mgiriama, mjane, hukaanga viazi vya karai kwenye baraza yangu, na karai lake lilikuwa limekwisha kutelekwa nje. Upande wa pili wa ukuta Kioko alikuwa akimrekodia mwalimu wake ujumbe wa sauti kwenye simu. Nyamvula alisikia maneno ya mwanzo, kisu kikamtoka. Akapanda kitandani, akainua simu yake juu ya ukuta, akanasa yaliyofuata. Mimi nilikuja kuyasikia baadaye pamoja na mtaa mzima, na ndiyo haya:

"Nimepata, mwalimu. Ile ya buibui nyeusi, ya fedha mgongoni. Nilimchukua jana kwa ukuta wa akina Awadh, nikaenda polepole watu wasinione, siku hizi hawa watu wanapiga. Ni msichana bado, hajaguswa na mume. Wale wengine nilikuwa nawaua bure, nakuta wameshakatwa huko chini. Huyu nimemfungia hapa chumbani, yuko hai. Leo nitamuua na spiriti, halafu nimkate huko chini nitazame vizuri."

Nyamvula ana binti wa rika la Malak, yuko Mariakani kwa shangazi yake. Alisikia msichana wa watu, hakusikia mdudu. Hakukumbuka vicheko vyetu vya nyeusi na mweusi. Hofu ilikuwa imekwisha kumziba. Akaituma sauti ile kwa Salha. Na simu ya Salha, tangu Alhamisi, ilikuwa mkononi mwa Awadh.

Mimi wakati huo nilikuwa nikijitayarisha kwenda kukaa na Salha. Nilikuwa nimekwisha vaa buibui langu, nafunga ushungi, nikasikia kitu kama mvua inayokuja juu ya mabati. Miguu mingi ikikimbia haisikiki kama miguu. Nilipotoka ukumbini walikuwa wamekwisha ingia. Awadh mbele, nyuma yake vijana wa mtaa, na nyuma yao watu wazima niwajuao, watu wa kuniamkia kila asubuhi, na hakuna aliyeniamkia.

"Chumba gani?" mmoja akauliza.

"Cha tatu," akajibu mwingine, kwa kuwa wote walikuwa wamepata ile sauti, na wote walijua nyumba yangu.

Awadh aliupiga mlango teke moja, komeo likang'oka na kipande cha ubao. Kioko alikuwa ameketi mezani, jicho kwenye hadubini. Hakuwahi hata kulitoa jicho. Walimkamata nywele, wakampigiza uso juu ya hadubini ile ile, pua ikavunjika, nikasikia ilivyovunjika, kama ukwaju mkavu. Damu ikamwagika kwenye kioo chake cha kutazamia.

"Yuko wapi?"

"Nani? Nani?"

"Dada yangu! Yuko wapi?"

Wakaanza na marungu. Moja la mgongo, moja la goti, moja la mbavu. Alianguka, wakamwinua ili aanguke tena. Mtu akayapindua masanduku, vichupa vikapasuka sakafuni, harufu ya spiriti ikajaa nyumba.

"Isikieni harufu! Dawa ya maiti hii!"

"Tazameni mikasi! Tazameni sindano! Ndivyo anavyowakatia hivi!"

Vilikuwa vimkasi vidogo, hata ukucha wa mtoto usingekatika vizuri. Lakini vilipita mkono kwa mkono juu ya vichwa, na kila vilipofika kelele zilizidi.

Nilijaribu kupenya. "Ni mdudu!" nikapiga ukelele. "Awadh, mwanangu, ni mdudu, ni buibui mdudu!"

"Bibi, toka hapa."

"Mdudu gani msichana?" akasema mtu nyuma yangu. "Mdudu gani huolewa?" Na wengine wakacheka. Nimeyasikia mengi siku ile, lakini kicheko kile ndicho kinachonirudia.

Kioko naye, maskini, alishika neno moja tu. Walipomburuta ukumbini, kisogo kikigonga kila kizingiti, alikuwa akilia, "Buibui! Ni ya buibui! Nyeusi! Buibui tu!"

"Anakiri!" wakasema. "Mmemsikia? Ya buibui jeusi! Buibui lake umelitupa wapi, mshenzi wewe?"

"Sema mdudu!" nikamwambia. "Kioko, sema mdudu!"

Hakunisikia. Kadiri walivyompiga ndivyo alivyolitaja, na kadiri alivyolitaja ndivyo walivyompiga. Mwisho Kiswahili chote kikamtoka, akabaki na cha kwao, "Mwaitu! Mwaitu!" anamwita mama yake.

Walimtupa barazani, akabingirika chini kwenye mchanga. Jiwe likampata sikio. Kijana mmoja akamkanyaga kifua kwa miguu miwili, akaruka, akakanyaga tena, kama anayeshindilia sakafu ya udongo. Mtu akasema liletwe tairi. Jamaa mmoja akakimbia kulitafuta. Mwingine akasema, "Tairi la nini? Mafuta haya hapa!"

Karai la Nyamvula lilikuwa juu ya jiko, mafuta yanatoa moshi. Wawili wakavua fulana kushikia masikio ya karai.

Nyamvula alikuwa amesimama kando ya mlango, mkono mdomoni. Alikuwa amenisikia nikisema mdudu. Niliuona uso wake ukibadilika, nadhani pale pale ndipo aliposikia sauti zetu za kila siku, mweusi, nyeusi, jeusi, zikija juu ya ukuta. Alikimbia, akalipiga karai teke kwa mguu wake mtupu. Mafuta yakamwagika kwenye mchanga, yakachemka hapo, na mengine yakamshukia mguuni kutoka goti mpaka vidole. Ngozi yake niliiona ikijikunja. Ukelele alioupiga sijapata kuusikia hata kwa mzazi wakati wa uchungu.

"Ni mdudu!" akalia, anagaagaa. "Nimekosea mimi! Ni yule mdudu wake! Nimekosea!"

Wale wawili wakamrukia Nyamvula kwa maneno, wengine wakageuka kutazama, na katika mgeuko ule njia ikafunguka kidogo. Nikamwona Kioko chini, amejikunja ubavu, mikono miwili juu ya kichwa, vile vidole virefu vimefumana. Na nikamwona Awadh amelitoa panga kwenye gazeti.

Mimi ni mzee. Siwezi kumzuia mtu mkono. Nilichokuwa nacho ni kile nilichovaa. Nikalivua buibui langu, ushungi na yote, mbele ya wanaume wa mtaa mzima, nikamrushia Kioko likamfunika kichwa na mabega, nikajiangusha juu ya miguu yake.

Panga lilikuwa limekwisha shuka. Panga likishashuka halina masikio. Lilipasua kitambaa, nikasikia mlio mfupi kama wa kukata muwa, na mwili wa Kioko ukaruka chini yangu. Damu ikapenya buibui, ya moto, ikanipata mikononi.

Nikainua uso. Kichwa changu wazi, mvi zangu zote nje, gauni la kulalia lenye kiraka begani, na leso moja kiunoni.

"Haya," nikasema. Sauti ilinitoka ndogo, lakini walikuwa wamenyamaza. "Si mlikuwa mkimtafuta mwenye buibui jeusi? Huyu yumo ndani yake. Mkateni sasa. Awadh, wewe nimekuogesha na kitovu bado kinavuja damu. Anza na mimi, mwanangu, nina kichwa wazi, hutakosea."

Wanaume wakageuza nyuso. Mmoja akasema, "Astaghfirullahi," mwingine akairudia. Mzee wa duka la mkaa akavua koti lake, akaja kinyumenyume asinione, akanirushia. Awadh alibaki pale pale, panga linadondoka damu.

Ndipo simu ikalia mfukoni mwake. Ile ya mama yake. Akaitoa kwa mkono wa kushoto, akaibonyeza vibaya, sauti ikatoka nje watu wote wakaisikia.

"Mama! Mama, waambie waache!" Alikuwa Malak. "Nimeona wanavyotumiana, nimeona video, waambie waache! Niko Shanzu, niko kwa Israa, hakuna mtu aliyeniiba. Nimemkimbia Awadh, mama! Kwa ajili ya kazi ya hoteli tu amenivunja taya, siwezi hata kutafuna. Usimwambie nilipo. Mama? Mama, wanisikia?"

Awadh aliitazama simu kama vile imemuuma.

"Mama?" ikasema simu.

Wakati huo yule jamaa aliyekwenda kutafuta tairi akafika analibingirisha, anatweta, akalisimamisha katikati yetu, akauliza, "Yuko wapi?"

Watu waliokuja kama mvua waliondoka kama maji, kila mmoja na mtaro wake. Wengine walikuwa wamekwisha kushika simu, wanafuta walichokuwa wametuma. Jamaa wa tairi ndiye aliyebaki nyuma, hajui alirudishe au aliache. Akaliacha.

Nilimfunua Kioko. Uso ulikuwa umevimba, jicho moja halionekani. Kulia kwake kidole gumba na cha shahada havikuwapo. Nilivitafuta mchangani kwa mikono yangu, kimoja kilikuwa chini ya jiko la Nyamvula, kingine kimekanyagwa. Nikaviosha, nikavifunga kwenye leso na barafu, kwa kuwa nilipata kusikia kwamba hurudishwa. Hospitali walivitazama, wakasema vimesagika mno. Wakanirudishia leso yangu.

Nyamvula alilazwa wodi ya wanawake, Kioko ya wanaume, na mimi nikawa natembea baina yao na chupa ya uji. Nyamvula hakuthubutu kuuliza habari zake mpaka siku Kioko alipomtumia salamu.

"Amesema nini?" akauliza.

"Amesema mguu wako unauma kuliko vidole vyake."

Akajifunika shuka usoni, akalia mpaka muuguzi akaja kuuliza kama ni dawa.

Polisi walimchukua Awadh, wakamwachilia kwa dhamana, na kesi ingali kortini, inaahirishwa. Malak hakurudi Frere Town. Kumchukua Kioko alikuja ndugu yake kutoka Makueni. Hadubini waliichukua imevunjika shingo, imefungwa kwenye blanketi lile lile.

Siku moja baada ya alasiri Salha akaja, amebeba mfuko wa karatasi nzuri. Akaketi barazani, akaumaliza uzi wa salamu wote, wa wazima na wa wagonjwa, mpaka hakukubaki wa kuulizwa. Kisha akaufungua mfuko. Lilikuwa buibui jipya, kitambaa cha Dubai, limetariziwa fedha mgongoni.

"Mwanasaumu, shoga yangu, nimekuja kwa miguu yangu. Lako liliharibika kwa mkono wa mwanangu. Lipokee, roho yangu itulie."

"Lirudishe, Salha. Mimi buibui ninalo."

"Lipi?"

Nikamletea. Nilikuwa nimelifua maji matatu, na mpasuko nimeushona, mrefu kama shibiri, kutoka begani hadi karibu na kiwiko.

Akaupitishia kidole. "Umelishona kwa uzi mweupe. Umekosa uzi mweusi?"

"Uzi mweusi upo. Dukani kwako upo tele."

Akaurudia mshono kwa kidole. "Kila mtu atauona."

"Nalivaa hivyo hivyo," nikamwambia. "Kama ni fidia, kampelekee Kioko vidole. Na kama ni msamaha, nenda Shanzu ukamtazame binti yako taya."

Alikunja buibui lake pole pole, kwa kufuata mikunjo ile ile ya dukani, akaurudisha mfuko chini ya kwapa, akaondoka. Nasikia Shanzu alikwenda. Awadh akiniona na lile buibui langu hukatia kichochoro cha msikitini, hata kama njia yake si hiyo.

Chumba cha tatu sikukipangisha. Nilipokuwa nikifagia vioo nilikuta nyuma ya mlango ule uliovunjika fremu moja haikuguswa. Yule mdogo wa ule ujumbe wa simu alikuwa humo, katikati ya mizoga yake, amekunja miguu. Marungu yote yale yalipita shibiri moja tu kutoka kwake, hakuhama. Nikawa namtilia nzi wadogo wanaozunguka ndizi, kama nilivyomwona Kioko akifanya.

Kioko alipiga simu mwezi uliofuata. Sauti yake ilikuwa imebadilika, pua haikupona sawa.

"Shikamoo, susu."

"Marahaba, mwanangu. Mkono?"

"Mkono upo. Nafundishwa kushika kijiko kwa wa kushoto. Koleo dogo la kushikia wadudu bado. Susu, yule buibui mweusi, mwenye fedha mgongoni. Yupo?"

Alilisema sawasawa. Kabla ya kila neno alisimama kidogo, kama mtu anayepapasa kwa mguu kama ngazi ipo. Mimi niliyemsumbua miezi yote ile alitamke hivyo, sasa nilitamani akosee.

"Yupo, mwanangu. Mzima."

"Mwalimu wangu anaweza kuja kumchukua. Yeye ana mikono. Huyo mmoja tu akipatikana, kazi yote haijapotea." Pumzi yake ikawa inakwenda mbio kwenye simu. "Yuko peke yake bado? Hakuna mwingine kwenye utando? Mdogo zaidi, mwembamba? Tazama vizuri."

Nikavaa miwani, nikausogelea mlango na simu sikioni. Nikatazama mstari wa taka kutoka juu hadi chini. Alikuwapo mahali pake. Na pembeni, kwenye uzi wa nje kabisa, palikuwa na kidume kimoja, chekundu chekundu, kimekufa, miguu imekunjwa juu. Kilipitia wapi sijui. Labda juu ya ukuta, panapopita kila kitu.

"Yupo mwingine," nikamwambia. "Amekufa."

Nikasikia mbuzi wanalia kwao.

"Basi ameshakatwa, susu," akasema. "Usimuue. Mfungulie dirisha."